Uzi: Biti 8 zinazolinda biti 64. Namna ya kuchora saketi ya ECC, yaani ya kusahihisha makosa ya memori, isiyoichelewesha memori

#1 · Mleta mada

Wakuu, salaam.

Mwaka juzi niliitwa Kariakoo kwenye stoo ya mfanyabiashara wa jumla. Alikuwa na kompyuta ya kawaida aliyoifanya seva ya mahesabu, inawaka usiku na mchana. Shida yake ilikuwa katoni za sabuni. Jioni mfumo ulionyesha zimebaki 37, asubuhi ukaonyesha 2,085, na usiku ule hakuna mzigo ulioshushwa. Vijana wawili wa stoo walikuwa wameshasimamishwa kazi, wakituhumiwa kuchezea mfumo.

Nilichukua kalamu nikatoa: 2,085 − 37 = 2,048. Aliyewahi kushughulika na kompyuta anaijua namba hiyo, ni 2 kwa kipeo cha 11. Maana yake biti moja tu (tarakimu ya 0 au 1), ya kumi na mbili kutoka kulia, ilikuwa 0 ikageuka 1. Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikakesha. Kufika alfajiri, RAM moja kati ya mbili ilikuwa imetoa kosa katika anwani ileile na biti ileile kila mzunguko. Vijana walirudishwa kazini. Lakini siku kadhaa walizokaa nyumbani wakiitwa wezi kwa sababu ya biti moja hazijanitoka moyoni, na ndiyo maana naandika uzi huu.

Mambo haya hayaishii stoo. Tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada kwenye mashine ya kupigia kura. Iligundulika kwa sababu kura zake zilizidi zile alizoweza kupata kihesabu. Wataalamu waliikagua programu wasione kasoro, na maelezo yaliyobaki yakawa kwamba biti moja iligeuka kwenye memori. Hiyo 4,096 nayo ni 2 kwa kipeo cha 12.

Sasa twende kwenye saketi yenyewe. Nataka tuelewane jambo moja: saketi nzuri ya kusahihisha makosa haipatikani kwa kurundika biti za ulinzi. Inapatikana kwa namna unavyozipanga alama za 1 kwenye jedwali moja dogo. Jedwali hilo ukilipanga hovyo, saketi itafanya kazi, ila itakula nafasi kwenye chipu na kuichelewesha memori kila inaposomwa, mabilioni ya mara kwa siku.

Tuanze na pariti, maana wengi mnaijua. Unachukua biti zako, unaongeza moja ili idadi ya 1 iwe shufwa. Ukisoma ukakuta witiri, unajua kuna kilichoharibika. Hujui ni kipi. Mwaka 1947 mwanahisabati Richard Hamming alikuwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, akitumia kompyuta ya rilei (swichi za umeme) iitwayo Model V, na alipewa nafasi mwishoni mwa wiki tu. Mashine ile ilikuwa na uwezo wa kutambua kosa. Siku za kazi, waendeshaji walikuwepo kulirekebisha. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na mtu, kwa hiyo mashine ikikuta kosa iliitupa kazi hiyo na kushika inayofuata. Hamming alirudi Jumatatu akakuta kazi yake imeachwa, na wiki iliyofuata ikawa vilevile. Akajiuliza: mashine ikiweza kujua kosa lipo, inashindwaje kujua lilipo? Makala yake ilitoka Aprili 1950.

Hoja yake ni nyepesi. Usiweke pariti moja kwa biti zote. Weka pariti kadhaa, kila moja ikisimamia kundi tofauti, na makundi yaingiliane. Biti ikigeuka, angalia pariti zipi zimelalamika na zipi zimenyamaza. Mpangilio wa walalamikaji ndio unaokutajia mkosaji, na tunauita sindromu.

Mfano wa kufanya kwa kalamu. Biti nne za data, D1 hadi D4, na biti nne za ukaguzi, U1 hadi U4:

     D1 D2 D3 D4
U1:  1  1  1  0
U2:  1  1  0  1
U3:  1  0  1  1
U4:  0  1  1  1

Mstari wa U1 unasema: chukua D1, D2 na D3, zipitishe kwenye geti la XOR. Geti hilo hutoa 1 ikiwa 1 zilizoingia ni witiri, na 0 zikiwa shufwa. Data ikiwa 1 0 1 1, basi U1=0, U2=0, U3=1, U4=0. Unahifadhi zote nane.

Usiku D3 inageuka kuwa 0. Asubuhi unasoma 1 0 0 1, unakokotoa ukaguzi upya, unapata 1, 0, 0, 1. Ulinganishe na ule uliohifadhiwa, 0, 0, 1, 0. Tofauti ni 1, 0, 1, 1. Shuka na safu za jedwali kutoka juu hadi chini: 1011 ni safu ya D3. Igeuze, umemaliza. Hakuna nakala ya pili ya data uliyohitaji.

Zikigeuka mbili, mfano D1 na D4, sindromu inakuwa 1, 0, 0, 1. Ina 1 mbili, idadi shufwa, na hakuna safu yoyote yenye idadi shufwa. Saketi inatambua kwamba makosa ni mawili na haiwezi kuyasahihisha, inapiga kengele badala ya kubuni jibu. Hiyo ndiyo wataalamu huita SEC-DED: inasahihisha kosa moja, inatambua mawili.

Biti nne kwa nne ni gharama ya mara mbili. Lakini data ikipanuka ukaguzi unaongezeka polepole: biti 8 zinahitaji 5, biti 16 zinahitaji 6, biti 32 zinahitaji 7, biti 64 zinahitaji 8 tu. Kwa 64 hiyo ni asilimia 12.5. Ndiyo maana RAM ya seva ya kizazi cha DDR4 ina njia 72 za data badala ya 64, na ukiihesabia chipu utakuta tisa pale ambapo ya kawaida ina nane.

Ulizeni. Sehemu ya kupanga jedwali kubwa nitaishusha baadaye.

#2

Mkuu nimekuelewa hadi kwenye sindromu, shukrani. Swali la mtu wa kawaida: kwa nini wasihifadhi nakala tatu wakapiga kura? Mbili zikikubaliana, hizo ndizo. Saketi yake hata mtoto wa sekondari anaichora.

#3 · Mleta mada

Swali zuri, ndugu, na kuna mahali nakala tatu hutumika kweli, hasa kwenye rejista chache za vyombo vya angani. Kwenye memori kuu hailipi. Nakala tatu za biti 64 ni biti 192, yaani nyongeza ya asilimia 200. Hamming anakupa usahihishaji wa kosa moja kwa nyongeza ya asilimia 12.5, tena anakuambia yakitokea mawili. Unaponunua RAM ya gigabaiti 64, tofauti hiyo ni ya fedha, umeme na joto.

#4

Habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa elektroniki katika chuo cha ufundi. Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika saketi hii kwa Verilog (lugha ya kuelezea saketi) na kuiweka kwenye bodi ya FPGA (chipu unayoipangia saketi mwenyewe), biti 64 kwa 8. Tulifuata njia ya kitabuni: nafasi za 1, 2, 4, 8 na kuendelea ni za ukaguzi, halafu pariti ya jumla inayokusanya biti zote. Inasahihisha vizuri kabisa. Tatizo ni mwendo. Njia inayochelewa kuliko zote ni ile ya pariti ya jumla na hatujui tuikate wapi. Kaka, unasemaje?

#5 · Mleta mada

Mwalimu, shikamoo, umegusa penyewe. Hapa ndipo palipo na utamu wote, naomba nikae.

Kila 1 kwenye jedwali ni waya unaoingia kwenye geti la XOR. Kwa hiyo hesabuni 1 zenu. Kwa njia ya nafasi, safu ya kila biti ni namba yake ya nafasi kwa mfumo wa biti, kuanzia 1 hadi 71. Ukijumlisha 1 zote za namba hizo unapata 212. Mstari wa pariti ya jumla unagusa biti zote 72. Jumla 284.

Kuchelewa nako hakuamuliwi na jumla hiyo. Kunaamuliwa na mstari mrefu kuliko yote. XOR ya viingizo viwili hukusanya biti mbilimbili kama mti: biti 32 zinahitaji ngazi 5, biti 64 zinahitaji ngazi 6, na 72 zinavuka hapo, zinahitaji ngazi ya 7. Mistari yenu mingine saba imeshamaliza, imekaa inaungoja mmoja. Ni kama daladala ambayo abiria wote wameketi na konda bado anamsubiri mtu anayekuja kwa miguu kutoka mtaa wa tatu.

Mwaka 1970 M. Y. Hsiao wa IBM alilitatua hili kwa namna ambayo mpaka leo nikiitazama naona uzuri. Aliiondoa pariti ya jumla kabisa. Badala yake akaweka sharti: kila safu ya jedwali iwe na idadi witiri ya 1, na zisifanane. Matokeo yake yanajileta yenyewe. Kosa moja huleta sindromu ambayo ni safu moja, kwa hiyo ni witiri. Makosa mawili huleta safu mbili zilizopitishwa XOR, na witiri kwa witiri siku zote hutoa shufwa. Kwa hiyo kutofautisha kosa moja na mawili hakuhitaji tena mstari wa biti 72. Unaangalia tu kama sindromu ya biti 8 ina 1 shufwa au witiri.

Sasa upangaji. Safu zenye 1 moja, ambazo ni 8, zichukuliwe na biti za ukaguzi zenyewe. Kisha data 64. Safu zenye 1 tatu kati ya nafasi 8 zipo 56 kamili, zitumieni zote. Zimebaki biti 8 za data. Hizo zipewe safu zenye 1 tano. Nazo zipo 56, mnachagua nane. Msichague ovyo: chukueni 11111000 na kuizungusha hatua moja moja mpaka mpate nane. Mkifanya hivyo kila mstari unapata 1 tano hasa kutoka kwenye kundi hilo.

Hesabu: 8, ongeza 56 mara 3, ongeza 8 mara 5, unapata 216. Gawa kwa mistari 8, kila mmoja una 27. Hakuna mstari ulioelemewa hata kwa waya mmoja. Kutoka 284 hadi 216 mmepunguza takriban robo ya waya. Na mti wa biti 27 unaisha kwa ngazi 5 badala ya 7. Maktaba yenu ya vipuri ikiwa na XOR ya viingizo vitatu, 27 ni 3 mara 3 mara 3, mti unajaa kwa ngazi tatu bila nafasi tupu.

Wakati wa kuandika memori ni nafuu zaidi, kila biti ya ukaguzi inakusanya biti 26 za data tu.

Baada ya sindromu, mnahitaji geti za AND 64, kila moja ikiuliza kama sindromu inafanana na safu yake, na XOR 64 za kugeuza biti iliyotajwa. Msisahau kwamba sindromu ikifanana na safu ya biti ya ukaguzi, data ni nzima, hamgusi kitu.

Na kuna mbinu moja watengenezaji wa prosesa wanaipenda. Karibu kila usomaji hauna kosa. Basi data ipelekwe mbele mara moja huku sindromu ikikokotolewa pembeni. Sindromu ikiwa sifuri, ambayo unaijua kwa geti moja la OR tu, kazi inaendelea. Isipokuwa sifuri, unasimamisha, unasahihisha, unatuma upya. Kwa hiyo gharama ya muda inalipwa siku ya kosa peke yake.

#6

Wakuu mimi niko na swali tofauti kidogo, niko Nairobi. Nimenunua laptop yenye DDR5 na muuzaji ameniambia DDR5 zote ziko na ECC ndani. Ikiwa ni hivyo, hii mada si imeisha?

#7 · Mleta mada

Karibu, ndugu. Muuzaji amesema nusu ya ukweli. Ndani ya chipu ya DDR5 kuna ECC yake, biti 8 kwa kila biti 128, inayosahihisha kosa moja. Imewekwa kwa sababu seli zimekuwa ndogo mno. Bila hiyo chipu nyingi zingekataliwa kiwandani. Ila inaishia ndani ya chipu. Biti ikiharibika njiani, kwenye nyaya kati ya RAM na prosesa, haioni. Na kwa kawaida haikuambii imesahihisha mara ngapi, kwa hiyo chipu inaweza kuchakaa bila wewe kujua.

ECC kamili ni ile ambayo prosesa yenyewe inakagua. Kwenye DDR5 kila RAM imegawanywa njia mbili za biti 32, na kwenye RAM nyingi za seva kila njia imeongezewa biti 8. Nyongeza imepanda kutoka asilimia 12.5 hadi 25. Mimi binafsi naona ni gharama halali, kwa sababu biti hizo 8 kwa 32 zinatoa nafasi ya misimbo yenye nguvu kuliko wa Hsiao, lakini ni kweli mnunuzi anailipia.

#8

Asante kwa majibu. Nyongeza: nimesoma kwamba makosa mengine huletwa na miale kutoka angani na kwamba ukiwa juu zaidi ndiyo inazidi. Sisi Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Tuko na shida kuliko watu wa Mombasa?

#9 · Mleta mada

Kimo kina uzito, ndiyo. Mashine ya kwanza ya Cray-1, kompyuta kubwa ya kisayansi, ilipelekwa Los Alamos, Marekani, mwaka 1976. Huko ni zaidi ya mita 2,000. Haikuwa na usahihishaji, ilikuwa na pariti tu, na ndani ya miezi sita ilirekodi makosa 152 ya memori. Zilizofuata ziliwekewa SEC-DED. Neutroni zinazotokana na miale ya anga huongezeka kadiri hewa inavyopungua juu yako.

Lakini ninyi mna bahati ambayo Los Alamos hawana. Mko karibu na ikweta, na huku uga wa sumaku wa dunia huzuia sehemu kubwa zaidi ya miale hiyo kuliko kule mbali kaskazini. Kwa hiyo Nairobi inapata nyingi kuliko Mombasa kwa sababu ya kimo, na chache kuliko mji wa kimo hichohicho ulio mbali na ikweta.

Na si anga peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 May na Woods wa Intel walionyesha kwamba vifungashio vya chipu vyenyewe vilikuwa na chembechembe za urani na thori, na chembe za alfa zilizotoka humo zilibadilisha chaji kwenye seli. Kifuniko kinachoilinda chipu ndicho kilichokuwa kinaidhuru.

#10

Mleta mada, kwa heshima, unatutia hofu ya bure. Nimetengeneza kompyuta miaka kumi na tano, maofisini na majumbani, karibu zote hazina ECC na watu wanafanya kazi zao. Mteja ukimwambia alipie ubao wa seva na RAM ya ECC anaondoka.

#11 · Mleta mada

Mkuu, uzoefu wako nauheshimu. Naomba tu tutazame namba zilizopimwa. Mwaka 2009 Bianca Schroeder na wenzake walichapisha utafiti wa seva za Google. Takriban theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja lililosahihishwa kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 8 ya RAM zenyewe. Zile mashine zilikuwa na ECC, ndiyo maana makosa yalihesabika. Zisizo nayo hazihesabu. Kompyuta inaganda, mteja anaizima na kuiwasha, anasema ni Windows. Au haigandi, na 37 inakuwa 2,085.

Sisemi kompyuta ya kuangalia mpira iwe na ECC. Ila mashine inayoshika mishahara, akiba za watu, majibu ya maabara, nitaendelea kuisema mpaka mteja achoke. Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, Januari 2021, aliwalaumu Intel waziwazi kwa kuifanya ECC kuwa kitu cha seva tu. Nakubaliana naye.

#12

Naomba kuuliza kuhusu chipu nzima kufa. Umesema SEC-DED inasahihisha biti moja. Lakini chipu moja ya RAM inatoa biti 4 au 8 kwa pamoja. Ikifa yote?

#13 · Mleta mada

Hapo Hsiao peke yake hatoshi, na ni vizuri kusema wazi. Makosa matatu yanayotokea pamoja hutoa sindromu witiri, na zaidi ya nusu ya mchanganyiko huo hufanana na safu iliyopo. Saketi itadhani ni kosa moja, itageuza biti isiyo na hatia, na itaripoti mambo ni shwari.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kutawanya. Neutroni moja hupiga seli zinazopakana. Basi seli zilizo jirani kwenye silikoni usizipe neno moja (biti zinazolindwa pamoja, kama zile 64). Zipe maneno tofauti. Pigo moja linageuka kuwa kosa moja moja katika maneno manne, na kila neno linajisahihisha. Haikugharimu geti hata moja, ni mpangilio wa nyaya tu. Ipo sana kwenye akiba (cache) za ndani ya prosesa.

Ya pili ni kuacha kuhesabu biti na kuhesabu vifungu. Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha msimbo wao mwaka 1960, unaosahihisha kifungu kizima cha biti bila kujali ndani yake zimegeuka ngapi. IBM wakatumia wazo la namna hiyo kwenye kile walichokiita Chipkill. Ukiunganisha njia mbili za biti 72 unapata 144, yaani chipu 36 za biti nne nne: 32 za data, 4 za ukaguzi. Chipu moja ikifa kabisa, ni kifungu kimoja kilichoharibika, na mashine inaendelea. Uwiano ni uleule wa asilimia 12.5. Gharama yake iko kwenye saketi, maana hesabu za vifungu zinataka geti nyingi zaidi, na unalazimika kusoma chipu 36 kwa wakati mmoja.

#14

Nahudumia seva za hospitali moja, Linux. Nitajuaje kama ECC inafanya kazi au ipo jina tu?

#15 · Mleta mada

Fungua /sys/devices/system/edac/mc/mc0/ utakuta faili mbili, ce_count na ue_count. Ya kwanza ni makosa yaliyosahihishwa, ya pili ni yaliyoshindikana. Folda ya mc0 isipokuwepo, ama draiva ya EDAC (inayoripoti makosa ya memori) haijapakiwa ama ECC haijawashwa kwenye BIOS (programu ya kuwashia mashine), anza huko.

ce_count ikiwa 1 au 2 kwa miezi, usihangaike. Ikipanda kila siku kwenye RAM ileile, ibadilishe kabla ue_count haijaanza, maana kosa moja la kudumu tayari limekula uwezo wa saketi. Likija la pili kwenye neno lilelile hakuna wa kulisahihisha. Kwa sababu hiyohiyo, kama BIOS ina kipengele cha kupitia memori na kuisafisha, kiitwacho scrub, kiwashe. Kinasoma memori yote polepole na kurudisha yaliyosahihishwa, ili makosa mawili ya siku tofauti yasije yakakutana.

#16

Kaka, ni yule mwalimu wa FPGA. Tumepanga upya kwa Hsiao. Mti umeshuka kutoka ngazi 7 hadi 5 kama ulivyosema. Sasa kuna mambo mawili. Kwanza, tukiandika baiti moja tu, baiti nyingine saba zinabaki na ukaguzi usiolingana. Pili, mwanafunzi mmoja amepata sindromu sifuri kwa jozi fulani ya makosa, na tunaona hilo haliwezekani.

#17 · Mleta mada

La kwanza ni la kweli na halikwepeki, mwalimu. Ukaguzi ni wa biti 64 zote. Ukitaka kubadilisha baiti moja lazima usome neno zima, ulisahihishe, ubadilishe baiti, ukokotoe ukaguzi upya, uandike. Safari mbili badala ya moja. Ndiyo sababu ya kuwa na akiba ya kukusanya maandishi madogo mpaka neno lijae. Kwa bodi ya wanafunzi, rejista moja ya neno zima mbele ya memori inatosha kuonyesha wazo.

La pili, sindromu sifuri kwa makosa mawili ina maana moja tu: safu mbili zimefanana. Mtu ameandika safu moja mara mbili kwenye zile 56. Msizitafute kwa macho. Andikeni programu ya majaribio: geuzeni kila biti moja, mara 72, na kila jozi, 72 mara 71 gawa kwa 2, yaani jozi 2,556. Kompyuta itamaliza kabla chai haijapoa. Kila kosa moja lazima lirudishe data sahihi, na kila jozi lazima itoe sindromu shufwa isiyo sifuri.

#18

Tumeipata. D19 na D41 zilikuwa na safu moja, 01011000. Mwanafunzi alinakili mstari akasahau kuubadilisha. Tumerekebisha tukaendesha yote: makosa 72 yamesahihishwa, jozi 2,556 zote zimetambuliwa, hakuna iliyopita. Kesho nawapa kazi ya makosa matatu, ambayo nimehesabu ni 59,640, wajionee wenyewe ni mangapi yanasahihishwa vibaya.